Wiki Mbili za Kutafuta Kisu cha Sumie

Jumatatu, 6 Novemba

Sumie ameondoka! Treni ya asubuhi. Amekwenda Yuasa kwa dada yake Chizuko kuvuna machenza. Ndivyo alivyoandika kwenye karatasi aliyoibandika kwenye friji. Machenza! Miaka thelathini na minne ya ndoa hajawahi kuvuna chenza hata moja. Mgongo wake na ngazi haviivi chungu kimoja. Basi si machenza. Ni kisu.

Niandike ukweli, kwa kuwa daftari hili ni langu peke yangu. Tangu nistaafu mwezi wa tatu nimekuwa nikitafuta cha kufanya hapa nyumbani. Nimeendesha tramu ya mji wa Sakai miaka thelathini na minane, mikono imezoea kushika kitu. Nikanunua mtandaoni mashine ya umeme ya kunolea visu. Watu elfu mbili wameisifu! Jumamosi, Sumie alipokwenda sokoni, nikafungua droo na kutoa kisu chake cha samaki. Kizito, cheusi mgongoni. Alipewa na marehemu baba yake, muuza samaki wa Yuasa, wiki tuliyooana.

Nilipokitazama nikashtuka. Visu vya samaki huchongwa makali upande mmoja tu, hilo hata mimi nalijua. Cha jirani yangu Doi kina mteremko upande wa kulia, na upande wa pili ni bapa. Cha Sumie kina mteremko upande wa kushoto! Nikasema, maskini, miaka yote hii kinanolewa kinyume na hakuna aliyegundua. Nikakisahihisha. Dakika arobaini. Cheche ziliruka mpaka kwenye pazia.

Sumie aliporudi alikishika, akakigeuza, akapitisha kidole ubapani. Nilisubiri kusifiwa. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba sikumwuliza. Kisha akakaanga mayai. Jumapili mayai tena. Leo machenza.

Na kuna jambo jingine, nalo linauma. Mtungi wake wa achari, ule wa pumba za mchele unaotaka kukorogwa kwa mkono kila siku, hakuniachia mimi. Ameupeleka kwa Doi.

Jumanne, 7 Novemba

Nina mpango! Ni rahisi, ndiyo maana ni mzuri. Nitanunua kisu kama kile, nikitie kwenye droo kabla Sumie hajarudi, na kile kilichoharibika nitakificha kwenye sanduku la vifaa vyangu vya uvuvi. Atafungua droo, atakuta kisu kizima. Atadhani siku ile aliona vibaya. Tutakula samaki, mambo yataisha.

Kwenye kisu cha zamani, karibu na mpini, umebaki muhuri wa duka la Minamide. Nalijua duka hilo. Nimelipita na tramu mara nane kwa siku, miaka thelathini na minane, na sijawahi kuingia. Leo nimeingia. Nilidhani nitaonyesha kidole, nitalipa, nitatoka. Wapi!

Mwenye duka ni mjane, Mama Minamide, miaka sabini na kitu, aproni ya buluu, miwani imefungwa kwa uzi. Aliniuliza kisu ni cha nani. Nikasema cha mke wangu. Akauliza mke wangu hukatia mkono gani. Nilicheka. Nikamwambia wa kulia, Mama, kama watu wote. Akauliza ana urefu gani. Nikamwonyesha begani kwangu, kisha nikateremsha mkono kidogo, kisha nikaupandisha tena. Ubao wake wa kukatia uko juu kiasi gani? Sijui. Samaki gani hukata zaidi? Nikasema wale wa kuliwa. Kiganja chake kikubwa au kidogo? Nikatazama kiganja changu, kana kwamba jibu limeandikwa huko.

Mama Minamide akavua miwani. Akaniambia taratibu, kama unavyosema na abiria aliyepitiliza kituo: "Mlete mwenyewe, baba. Mimi siuzi kisu, nauza kisu cha mtu." Nikasema mke wangu ana shughuli, anavuna machenza. Akasema basi atamsubiri, machenza yana mwisho.

Nikajitia natazama tu. Akaniachia nishike visu sita, kimoja kimoja, na kila kimoja akanieleza kitanilemea wapi. Nusu saa nzima! Nilipiga picha kwa siri, simu nimeificha kwenye mkono wa koti. Taa ya simu ikamulika duka zima. Akasema nisogee dirishani, hapo picha hutoka vizuri zaidi. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini nilisogea, nikapiga.

Bei yake sitaiandika hapa, nitaisoma tena na kuumia tena. Nyumbani nikafungua mtandao. Kisu kile kile, pacha wake kabisa, chini ya nusu ya bei! Nimeagiza. Fomu iliuliza mkono wa kulia au wa kushoto, na kulia kulikuwa kumeshatiwa alama tayari. Hayo ndiyo maendeleo! Mtandao haukuulizi habari za kiganja. Dakika nne, nimelala chali naangalia dari.

Alhamisi, 9 Novemba

Kisu kimefika. Kinang'aa. Kinang'aa mno! Hapo ndipo nilipoona tatizo. Cha Sumie ni cheusi, na kimekuwa chembamba kwa miaka ya kunolewa. Hiki ni kipana na kina sura ya bwana harusi. Hata kipofu atagundua.

Nikiwa nakitazama, Doi akapiga hodi. Karani mstaafu wa idara ya maji, amefiwa na mkewe, anapika kila kitu mwenyewe na hataki ulisahau hilo. Ameniletea sahani ya samaki mbichi, vipande vyembamba vinaonyesha ua la sahani chini yake. Amesema amevikata kwa kile kisu chake cha Minamide chenye jina lake. Sikumwuliza! Kisha akasema nisiwe na wasiwasi, figili za Sumie zilizomo mtungini zinaendelea vizuri, ila Sumie anadhani chumvi imezidi kidogo.

Nikamwuliza amejuaje Sumie anadhani nini. Akasema Sumie humpigia simu kila siku saa nne, kuulizia mtungi.

Kila siku saa nne! Mimi sijapigiwa hata mara moja. Figili zinaulizwa hali, mume haulizwi. Samaki nimemla wote kwa hasira, na alikuwa mtamu, hilo nalo limenikera.

Ijumaa, 10 Novemba

Hatua ya pili: kukizeesha kisu. Mtandaoni kuna mtu anaeleza. Majani ya chai, siki, mchuzi wa soya. Nimekilaza humo kwenye beseni. Nimeongeza udongo kutoka bustanini, hilo ni wazo langu mwenyewe. Kufikia jioni kilikuwa na rangi ya kupendeza, kama chuma kilichoishi. Nimekiacha humo mpaka kesho kikolee.

Najisikia vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumapili, 12 Novemba

Siku mbili za balaa. Kisu kimepata kutu mwili mzima, kutu nyekundu, ya kuvimba. Jana nimesugua kwa mchanga. Leo nikakitia kwenye mashine ya umeme kukiondolea kutu na kukipunguza upana kwa pamoja, kazi mbili kwa mpigo mmoja. Mashine ikakikamata. Ncha ikaruka, ikapita karibu na sikio langu, ikakaa kwenye kalenda ya kampuni ya tramu. Mimi nikajikata dole gumba.

Damu ilikuwa nyingi, nikaona sina budi kwenda kwa Doi. Alinifunga bendeji vizuri, lazima nikubali. Aliniuliza nilikuwa nafanya nini. Nikasema bustani. Akatazama mikono yangu, yenye kutu mpaka kwenye viwiko, inanuka siki, akauliza ni bustani ya namna gani. Kisha akaniambia bila kuzunguka: "Jirani, kama ni kisu, kipeleke kwa Minamide. Acha kuhangaika." Nikamwambia kila kitu kinakwenda kama nilivyopanga.

Pembeni yake kulikuwa na mtungi wa Sumie, umefunikwa kitambaa kile chenye maua madogo alichokishona mwenyewe. Niliuangalia nikauonea wivu. Mtungi wa achari!

Jumatatu, 13 Novemba

Nimetafakari. Kosa langu lilikuwa la vipimo. Nikiwa na kipimo cha mkono wa Sumie, naweza kuagiza kisu cha pili kilicho sahihi, na kukizeesha kwa chai peke yake. Lakini kipimo nitakipataje bila kusema cha nini?

Hapo akili ikafanya kazi! Nimemtumia ujumbe kwamba nataka kumpelekea glavu nzuri za kuvunia, anipe kipimo cha mkono. Ulikuwa ujumbe wangu wa kwanza kwake tangu aondoke. Nilikaa na simu mapajani kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Amejibu baada ya saa moja! Ameshukuru. Ameandika kwamba vidole vyake vimechanika kwa matawi na kwamba hakutegemea kama ningefikiria jambo hilo. Ameleta picha ya mkono wake juu ya kreti ya machenza, pembeni ameweka chenza ili nione ukubwa. Ameeleza kwamba huo ndio mkono unaoshika mkasi, ndio unaoumia, mwingine kazi yake ni kushika tunda tu.

Nimeitazama picha hiyo mara nyingi leo. Ni mkono mzuri. Una kovu dogo chini ya kidole cha shahada, sikuwahi kuliona. Nimejisikia mwovu kidogo kuhusu glavu. Lakini jambo la kwanza ni kisu.

Jumatano, 15 Novemba

Siku mbaya. Niandike yote.

Mtandaoni kila fomu ilitaka urefu wa kisu, uzito, umbo la mpini. Mkono ninao kwenye picha, lakini kuugeuza mkono uwe kisu sijui. Nikajikaza, nikarudi kwa Mama Minamide. Kwenye mfuko nilikuwa na kisu cha zamani kimefungwa gazeti, na kile kipya kisicho na ncha ndani ya soksi. Nikamwambia ni vya rafiki yangu, mtu mjinga sana, ananitaka nimwulizie.

Kile kipya alikitazama mara moja, akakirudisha kwenye soksi mwenyewe, kwa vidole viwili. Cha zamani alikipeleka dirishani. Alikaa nacho muda mrefu. Akasema mumewe, marehemu, ndiye aliyekitia mpini. Anakumbuka siku hiyo. Alikuja muuza samaki mmoja kutoka Yuasa pamoja na binti yake aliyekuwa anaolewa, binti akasimama hapo hapo niliposimama mimi, anacheka, wakampima mkono. Wa kushoto. Kisu cha mashoto huagizwa maalumu, baba yake alingoja miezi minne. Kisha akaniuliza kama huyo rafiki yangu ndiye aliyemwoa yule binti.

Nikasema ndiyo, rafiki yangu ndiye.

Akauliza rafiki yangu hajambo? Nikasema hajambo sana.

Halafu nikaanza kubisha. Kwa nini nilibisha? Nilimwambia haiwezekani, mke wa rafiki yangu hula kwa mkono wa kulia, huandika kwa mkono wa kulia, rafiki yangu ameona kwa macho yake miaka thelathini na minne. Mama Minamide akasema: "Baba, shuleni sisi mkono wa kushoto ulichapwa. Tukajifunza kuandika na kula kwa ule mwingine. Jikoni hakuna mwalimu. Rafiki yako hajawahi kumwona mkewe akikata kitu?"

Nikasema kwao wanaume hawaingii jikoni, ndivyo mama yake alivyomlea. Nikaongeza kwamba mimi mwenyewe niliendesha tramu kwa mkono wa kushoto na hakuna aliyewahi kuniita mashoto. Akasema tramu ina reli.

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya mkono, nikidhani itanitetea. Alinigeuzia simu nitazame mwenyewe. Nilitazama dole gumba liko upande gani. Nikaweka mkono wangu pembeni ya picha, huu, kisha huu. Siku mbili nimeangalia picha ile na nimeona kovu, nimeona chenza, nimeona kucha.

Uso ukaniwaka moto. Nilisema polepole kwamba rafiki yangu ni mimi. Akasema anajua, picha imeandikwa juu yake "Mke Wangu".

Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Amesema kisu cha zamani kinaweza kupona. Fundi wa mawe ya kunolea, yule anayesaga ubapa, atakirudisha upande wake. Kitapungua upana wa nusu kidole, kitachukua wiki tatu. Lakini hatakipeleka mpaka mwenyewe aje ashike mpini na kukubali. Nikamwomba sana. Akasema hapana, na akaniwekea chai.

Nilirudi kwa tramu. Nilipitiliza kituo chetu. Mimi! Dereva akanitambua, akaniuliza kama ni mzima, nikasema nanyoosha miguu. Jioni nimemwandikia Sumie. Nimemweleza kwamba nimekwenda kwa Minamide, kwamba kisu kinapona, kwamba anatakiwa yeye. Nimeandika pia kwamba sikujua kuhusu mkono wake, na kwamba naona aibu. Nimeufuta mstari huo wa mwisho mara tatu, mara ya nne nikautuma.

Ijumaa, 17 Novemba

Amejibu! Anakuja kesho. Mchana tutakwenda dukani pamoja, atalala nyumbani, na Jumapili ataamua kama anabaki au anarudi Yuasa. Ndivyo alivyoandika, "nitaamua". Chini yake ameuliza kama glavu zimeshatumwa, maana vidole bado vinauma.

Glavu!!!

Nimekimbilia mtandao. Jozi nzuri, ngozi laini, zinafika leo leo. Nimebonyeza haraka, nimemjibu kwamba ziko njiani. Saa kumi kengele ya mlangoni ikalia, kifurushi. Glavu zimekuja hapa kwetu, kwa sababu anwani ilikuwa imeshajazwa. Si neno. Nimeziweka juu ya meza, atazikuta.

Nimefagia nyumba. Nimeficha mashine ya umeme. Nimetoa ncha ya kisu kwenye kalenda. Roho inanidunda kama siku ya mtihani wa udereva.

Jumamosi, 18 Novemba

Amekuja na kreti ya machenza begani na uso uliochomwa na jua. Alikwenda kwanza kwa Doi kuangalia mtungi, ndipo akaingia nyumbani. Glavu amezijaribu, zimemkaa. Akasema asante mara mbili. Nikaona mambo yanakwenda!

Kwa Minamide walishikana mikono wale wawili kama ndugu waliopotezana. Mama Minamide akachukua mkono wake wa kushoto, akaufungua, akaukunja, akapima kwa uzi. Akauliza ubao uko juu kiasi gani, Sumie akajibu. Samaki gani? Akajibu, majina manane, mengine siyajui. Kila swali lililonishinda mimi alilijibu kabla halijaisha. Halafu akacheka kicheko fulani, cha chini, kifupi. Sikumbuki lini nimekisikia nyumbani. Nilisimama pale karibu na mlango nimeshika mwavuli na nilijuta, nilijuta kabisa, si kwa ajili ya kisu tu.

Wamekubaliana kisu cha baba yake kisagwe upya. Jina lililochongwa ubapani nilikuwa nimelifuta kwa mashine, kwa hiyo Mama Minamide akauliza achonge jina gani. Sumie akataja jina lake. La ukoo wangu hakulitaja. Mama Minamide akanitazama, mimi nikatazama mwavuli. Kwa wiki hizo tatu akamwazima kisu cha mashoto, kizuri, kilichokaa mkononi mwake vizuri sana.

Jioni Sumie alinunua samaki mwekundu mzima. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kufanya. Aliweka kigoda jikoni, pembeni ya mlango, akaniambia nikae. Nikauliza nisaidie nini. Akasema: "Usisaidie. Usiseme kitu. Nataka unitazame tu mpaka chakula kiive."

Nilikaa! Jikoni kwetu kuna dirisha dogo juu ya sinki, sikujua kwamba linaonyesha mlingoti wa nyaya za tramu. Sumie akamlaza samaki, akashika kisu kwa mkono wa kushoto, na magamba yakaanza kuruka. Niliona. Naapa niliona. Bega lake lilishuka kidogo, mkono ukaenda bila haraka. Nikawaza, mwanamke kama huyu na kisu cha kuazima!

Hapo wazo likanijia. Simu ilikuwa mfukoni. Niliishusha chini ya magoti. Kisu cha samaki, mkono wa kushoto. Vilikuwapo! Vimebaki vitatu, kufika kesho asubuhi. Nikiwa nasoma, vikabaki viwili. Viwili! Hapo hakuna mtu anayeweza kukaa na kufikiri. Nikaandika anwani, safari hii kwa uangalifu. Nikatia alama kushoto, kwa mkono wangu mwenyewe, na nilijivuna. Nikaombwa nywila, nikaikosea, nikaombwa tena. Kisha nikasoma kama mpini ni wa mti gani, maana nimejifunza kwamba mpini ni muhimu.

Nilipoinua kichwa, supu ilikuwa mezani.

Sumie aliniuliza alianza kumpasua samaki wapi, kichwani au tumboni. Nikafikiri. Nikasema kichwani. Akauliza figili alizikata kwa umbo gani. Nikatazama bakuli, nikasema mviringo. Akasema hizo za kwenye bakuli ni viazi vikuu. Hakukasirika. Alisema aligeuka mara tatu kunitazama.

Tumekula. Supu ilikuwa tamu sana. Baada ya kula aliosha kisu cha kuazima, akakipangusa mpaka kikauke, akakifunga kwenye gazeti na kukitia kwenye mkoba wake wa safari. Nilitaka kumwambia. Lakini kumwambia kungeharibu zawadi.

Jumapili, 19 Novemba

Sumie amerudi Yuasa. Treni ya saa mbili na dakika kumi.

Nilimsindikiza mpaka stesheni. Nilimwomba abaki mpaka saa tatu tu, saa tatu na robo ikizidi, kuna kitu kinakuja. Akauliza kitu gani. Nikasema ataona. Alisubiri kidogo, kama anayenipa nafasi ya kuongeza neno, nami nikatabasamu kwa namna ya mtu mwenye siri nzuri. Akasema machenza bado ni mengi. Nikauliza atarudi lini. Akasema Chizuko amempa chumba cha nyuma, kinapata jua la asubuhi, na huko analala vizuri. Nikasema hilo si jibu la swali langu. Akasema ni jibu.

Treni ilipoondoka alipunga mkono dirishani. Wa kushoto. Niliona hilo mara moja, na nilitaka sana kumwambia kwamba nimeliona, lakini treni ilikuwa imeshakwenda.

Kifurushi kimefika saa tatu kasoro dakika tano. Kisu ni kizuri! Nimekishika kwa mkono wa kushoto nikajaribu kukata chenza, nimekata na meza. Nimekaa jikoni kwenye kile kigoda. Nyumba kimya, friji tu inanguruma. Nimelia. Kwa nini nisiandike, nimelia, mtu mzima wa miaka sitini na mitatu, na chenza mkononi.

Mchana wale wauzaji wa mtandaoni wameniletea ujumbe, wanataka maoni yangu. Je, bidhaa inafanana na picha? Nimeandika inafanana. Je, mtumiaji ameridhika? Hapo nimepaacha wazi. Kisha nimekaa nikafikiri juu ya jambo zima, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa utulivu na bila kujihurumia, nijue kosa lilikuwa wapi. Na nimelipata. Jana pale kwenye kigoda nilichagua usafirishaji wa kawaida ili kuokoa yeni mia tatu. Kulikuwa na wa haraka! Ningelipia wa haraka, kingefika jana ile ile, Sumie akiwa bado ameshika samaki.

Nimewapa nyota nne.